Umbali wa Turkana: Kutoka Riwaya Hadi Skrini

Kaskazini mwa Kenya kuna utani wa siku nyingi: mtu akifunga mzigo kwenda Nairobi, husema anakwenda Kenya. Utani huo una sababu. Ghuba ya Ferguson, pale Ziwa Turkana linapojikunja nyuma ya ulimi wa mchanga wa Longech, iko kilomita 60 hivi kutoka Lodwar, na Lodwar nayo iko mbali na kila mji ambao magazeti huuandika. Ng'ambo ya ziwa, kuelekea kusini, kuna Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit. Mvuvi wa Kalokol na mvuvi wa Loiyangalani wanatega nyavu katika ziwa moja, lakini wakitaka kutembeleana kwa gari hawana budi kuizunguka ncha nzima ya kusini, penye mawe meusi ya volkano na njia zinazokula matairi.

Serikali ya kikoloni iliupenda sana umbali huo. Jomo Kenyatta na wenzake walipohukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953, walipelekwa Lokitaung, karibu na mpaka wa Ethiopia. Mwaka 1959 kifungo kilipoisha, Kenyatta hakuachiliwa arudi Gatundu. Alihamishiwa Lodwar akae chini ya ulinzi, akakaa hapo hadi 1961 alipopelekwa Maralal. Hesabu ya wakoloni ilikuwa nyepesi: mtu akikaa huko, sauti yake itachoka kabla ya kufika Nairobi.

Miaka arobaini baadaye mwandishi mmoja wa Uingereza alifanya hesabu iyo hiyo. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na maiti ya mwanamke wa kubuni, akatafuta mahali pa kuilaza.

Historia ya Turkana katika riwaya na filamu ni historia ya jinsi umbali huo ulivyotumiwa. Kwenye kitabu umbali ni bure. Mwandishi akiandika kwamba wahusika walitembea siku thelathini, siku hizo hazimgharimu hata shilingi, na msomaji atatembea nao ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye filamu umbali una bei: ndege, dizeli, hema, maji ya kunywa, bima ya nyota aliyezoea hoteli. Kwa hiyo filamu huufupisha umbali, au huukodisha mahali pengine penye barabara nzuri. Wengine hulipa bei hiyo, nao wamekuwa wachache.

Mfano wa mapema uko katika kitabu kilichouzwa dunia nzima. Joy Adamson alipochapisha Born Free mwaka 1960, alimweka simba Elsa katika safari ndefu ya miguu kando ya ziwa, ambalo wakati huo bado liliitwa Rudolf, jina ambalo Count Teleki wa Hungaria alilibandika mwaka 1888. Jina la Turkana lilikuja 1975. Filamu ya mwaka 1966, iliyowafanya Virginia McKenna na Bill Travers kupendwa na watoto wa mabara yote, ilipigwa picha Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, kwenye majani na ubaridi. Ni filamu nzuri kwa njia yake, lakini anayeitazama hawezi kukisia jinsi nchi ya mume na mke Adamson ilivyokuwa kavu.

Kisha akaja John le Carré.

Jina lake halisi lilikuwa David Cornwell, na kabla ya kuishi kwa uandishi peke yake alifanya kazi katika idara za ujasusi za Uingereza. Vitabu vyake vilikuwa vimezoea skrini tangu 1965, filamu ya The Spy Who Came in from the Cold ilipotoka miaka miwili tu baada ya riwaya. Vita Baridi vilipokwisha, wahakiki walijiuliza atapata wapi maadui wapya. Jibu lilikuja mwaka 2001 na The Constant Gardener: kampuni za dawa zinazowajaribia maskini wa Nairobi dawa mpya ya kifua kikuu, huku wanadiplomasia wa Uingereza wakitazama pembeni. Wasomaji wengi walikihusisha kitabu na majaribio ya dawa yaliyofanyiwa watoto wa Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mwaka 1996. Le Carré mwenyewe aliandika mwishoni mwa kitabu kwamba kadiri alivyochunguza, ndivyo alivyoona kisa chake kuwa chepesi mbele ya mambo halisi.

Riwaya inaanzia ofisini. Ni Jumatatu asubuhi katika Ubalozi wa Uingereza jijini Nairobi, na Sandy Woodrow, mkuu wa idara, anapokea habari kwamba Tessa Quayle, mke wa mwenzake Justin, ameuawa karibu na Ziwa Turkana. Dereva amekatwa kichwa. Daktari Arnold Bluhm, aliyesafiri naye, hajulikani aliko. Kwa kurasa nyingi msomaji haoni maji wala mchanga. Anachopata ni simu, minong'ono, jina la nyumba ya wageni huko Loiyangalani, na wanaume waliovaa suti wanaotamani kwamba jambo lililotokea kule libaki kule kule. Ziwa ni neno linalotamkwa na watu ambao hawataki kulifikia.

Huo ni ufundi mkubwa. Le Carré anatuweka ndani ya kichwa cha Woodrow, mtu mwoga aliyemtamani mke wa rafiki yake, na kupitia woga huo tunaelewa jinsi kifo cha kilomita mia nyingi kinavyogeuzwa kuwa faili. Justin, mtunza bustani wa jina la kitabu, anachelewa kushika usukani wa hadithi. Anapoushika, anaondoka Nairobi kwenda kisiwa cha Elba nchini Italia, kisha Ujerumani, kisha Kanada, kabla ya kurudi Afrika kupitia Lokichoggio na Sudan Kusini. Anaufikia ufuko alipofia Tessa mwishoni kabisa. Msomaji naye anaufikia akiwa amechoka, na uchovu huo ni sehemu ya maana.

Filamu ya mwaka 2005 haikuweza kusubiri hivyo, na haikujaribu. Mwongozaji wake, Fernando Meirelles wa Brazil, alikuwa ametoka kuushangaza ulimwengu na City of God, kisa cha mtaa wa mabanda wa Rio de Janeiro. Aliyeandika muswada, Jeffrey Caine, aliichukua riwaya ya takriban kurasa 500 akaibana katika saa mbili na dakika chache. Elba ikaondoka. Kanada ikaondoka. Woodrow, aliyeigizwa na Danny Huston, akarudishwa nyuma, na Justin wa Ralph Fiennes akasogezwa mbele tangu dakika ya kwanza. Tunamwona akimsindikiza Tessa uwanja wa ndege, na mara tunaona gari lililopinduka kando ya maji. Ziwa ambalo riwaya ililificha, filamu imelitoa kabla mtazamaji hajakaa vizuri kitini.

Je, ni hasara? Kwa sehemu, ndiyo. Ule mchezo wa kuingia kichwani mwa mwoga umepotea, na mahali pake pamekuja hadithi ya mapenzi ya mtu anayempenda mkewe zaidi baada ya kumzika. Rachel Weisz alimpa Tessa uhai ambao kwenye riwaya unapatikana kwa kumbukumbu za wengine tu, na mwaka 2006 akashinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi. Kitabu kinamfanya Tessa kuwa swali. Filamu inamfanya mtu anayecheka, anayekasirika, anayebeba mimba kwenye vichochoro vya Kibera. Anayesema kwamba riwaya daima ni bora kuliko filamu yake atapata shida hapa, kwa sababu kuna saa ambapo Tessa wa skrini anamshinda Tessa wa karatasi bila jasho.

Ila lililo kubwa zaidi ni kwamba Meirelles alilipa bei ya umbali. Afrika Kusini ilikuwa imefikiriwa kama mahali pa kupigia picha, kwa kuwa huko vifaa, mafundi na hoteli vilikuwa tayari. Mwongozaji alipokwisha kuiona Kibera, alitaka Kenya. Mwaka 2004 kamera ya César Charlone, mpigapicha kutoka Uruguay, ilipita Kibera ikibebwa mkononi, na baadaye ikapelekwa Loiyangalani. Katika kikosi cha wafanyakazi alikuwamo msichana Mkenya aliyetumwa huku na huko kama tarishi, jina lake Lupita Nyong'o, miaka kadhaa kabla dunia haijamjua. Wimbo Kothbiro wa Ayub Ogada, ulioimbwa kwa Kijaluo na kupigwa kwa nyatiti, ukaingia kwenye filamu na kufika masikioni mwa watu ambao hawangeweza kuionyesha Kisumu kwenye ramani.

Wakati nao ulikuwa umebadilika. Le Carré aliandika Daniel arap Moi akiwa bado madarakani, na kitabu hakikuionea haya serikali yake. Filamu ilipigwa picha wakati Mwai Kibaki amekwisha kuapishwa, Desemba 2002, na nchi ilikuwa na hamu ya kujionyesha upya. Wahusika wa filamu wanaendelea kula rushwa, bila shaka, lakini makali dhidi ya Nairobi yamepungua na makali dhidi ya London yamebaki. Mtazamaji wa Kenya anaweza kuamua mwenyewe kama huo ulikuwa ustaarabu wa mgeni au malipo ya kibali.

Baada ya kuondoka, watengenezaji walianzisha mfuko uliopewa jina la filamu ili kusaidia elimu na huduma za msingi Kibera na Loiyangalani, walikoona hali za watu kwa macho yao. Si jambo la kawaida. Kampuni nyingi za sinema zilizopita Afrika Mashariki zimeacha nyuma picha za ukumbusho na madeni madogo madogo ya dukani.

Tofauti inayouma zaidi kati ya riwaya na filamu iko mwishoni. Katika zote mbili Justin anarudi ziwani na wauaji wanamkuta huko. Lakini kwenye riwaya uwongo unashinda. Taarifa rasmi zinatolewa, Woodrow anapandishwa cheo, wakubwa wa London wanajipanga upya, na maswali yanayoulizwa yanafifia kidogo kidogo. Filamu haikuthubutu kumrudisha mtazamaji nyumbani na uchungu huo. Katika ibada ya kumbukumbu kanisani, jamaa wa Tessa anasimama na kuisoma hadharani barua inayomfichua afisa mkuu, Pellegrin, aliyeigizwa na Bill Nighy, na mkubwa huyo anatoka nje ya kanisa akifuatwa na waandishi wa habari. Inaridhisha, na si kweli. Kitabu, kilichojua jinsi mambo ya mbali yanavyozikwa, kilikuwa na ujasiri ambao sinema ya tiketi haina.

Hapo mtu wa Lodwar anaweza kuongeza neno: katika zote mbili, watu wa ziwa wenyewe hawasemi sana. Wapo kama nyuso, kama wabeba habari, kama mandhari. Muuaji analetwa, daktari analetwa, maiti inaletwa na kuondolewa kwa ndege. Turkana ni mahali pa watu wengine kufia.

Upande wa magharibi wa ziwa una kisa chake, na chenyewe kilianza kwa miguu. Mwaka 1992 maelfu ya wavulana waliokimbia vita vya Sudan walifika Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini magharibi mwa Lodwar. Walikuwa wametembea kutoka vijiji vya Sudan Kusini hadi Ethiopia, wakafukuzwa huko mwaka 1991, wakavuka Mto Gilo huku wenzao wakizama na kupigwa risasi, kisha wakashuka hadi mpaka wa Kenya. Wageni waliwaita Lost Boys, na jina likakwama hata walipoota ndevu. Kambi iliyofunguliwa kwa ajili yao, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoongezwa 2016, leo ina zaidi ya watu 200,000.

Mmoja wa wavulana hao, Valentino Achak Deng wa kijiji cha Marial Bai, alikaa Kakuma kwa takriban miaka kumi kabla ya kupelekwa Marekani mwaka 2001. Alimsimulia maisha yake mwandishi Dave Eggers, na mwaka 2006 ikatoka What Is the What. Kitabu hicho kiliitwa riwaya ingawa mhusika mkuu ni mtu halisi mwenye jina lake halisi, kwa sababu mtoto wa miaka sita hawezi kukumbuka kila neno alilosikia njiani, na Eggers hakutaka kudai kwamba anaweza. Hadithi inaanzia Atlanta, Achak akiwa amevamiwa na wezi katika nyumba yake, na akiwa amefungwa anawasimulia kimoyomoyo watu wanaompita: mtoto aliye pamoja na wezi, mhudumu wa hospitali, wateja wa ukumbi wa mazoezi. Hakuna anayemsikia. Msomaji peke yake ndiye anayesikia.

Sehemu ya Kakuma ni kipande adimu katika fasihi, kwa sababu inathubutu kuandika kusubiri. Kuna vumbi, foleni ya chakula, mpira wa miguu, masomo chini ya paa la bati. Kuna kikundi cha maigizo cha vijana kinachopata bahati ya kwenda Nairobi, na mapenzi ya Achak na msichana aitwaye Tabitha yanayochipua katika safari hiyo. Kuna mbao za matangazo zinazobandikwa majina ya waliokubaliwa kwenda Marekani, na vijana wanaorudi kila siku kutafuta herufi zao. Miaka kumi inapita na karibu hakuna kinachotokea, na msomaji hawezi kukiweka kitabu chini.

Ni filamu gani ingefanya hivyo? What Is the What haijapata filamu. Mapato ya kitabu yalikwenda kwenye shirika la Deng lililojenga shule ya sekondari Marial Bai, na shule hiyo ilifunguliwa 2009. Pengine hayo ni matumizi bora kuliko bango la sinema.

Filamu iliyokuja kukikaribia kisa hicho bila kukinunua kitabu ilikuwa The Good Lie ya mwaka 2014. Muswada uliandikwa na Margaret Nagle, mwongozaji alikuwa Philippe Falardeau wa Kanada, na nyota wa bango alikuwa Reese Witherspoon, ingawa uzito wa filamu uko mabegani mwa Arnold Oceng, Ger Duany, Emmanuel Jal na Kuoth Wiel. Duany na Jal walijua vita kwa miili yao: wote wawili walipitia utoto wa bunduki Sudan. Waongozaji wachache wa Hollywood wamewahi kuwa na waigizaji wa namna hiyo.

Lakini Kakuma ya The Good Lie haiko Turkana. Ilijengwa Afrika Kusini, na sehemu za Marekani zikapigwa picha jimbo la Georgia. Mtu aliyeishi Kakuma atautambua mpangilio wa hema na foleni, kisha ataanza kutafuta kwa macho miti ya mathenge, makorongo yaliyokauka, na mwanamke wa Kiturkana aliyebeba kuni za kuuzia wakimbizi, na hatavipata. Safari ile ndefu ya miguu, ambayo Eggers aliitandaza katika mamia ya kurasa, inamalizwa katika sehemu ya kwanza ya filamu ili Witherspoon apate kuingia. Miaka ya kusubiri nayo inarukwa kwa maandishi ya skrini.

Tabia hiyo ya kukodi nchi nyingine ni ya zamani. Kisa cha simba wa Tsavo, alichokiandika mhandisi Patterson mwaka 1907, kilipofanywa The Ghost and the Darkness mwaka 1996, Tsavo yake nayo ilikuwa Afrika Kusini.

The Good Lie ilileta pia swali ambalo riwaya za Turkana hazikuwahi kufikishwa nalo mahakamani. Mwaka 2015 kundi la waliokuwa wavulana wa Sudan lilifungua kesi Georgia, likidai kwamba mahojiano waliyotoa miaka mingi kabla yalitumika kuunda muswada, na kwamba walistahili haki ya pamoja katika kazi hiyo. Hoja yao haikuwa kwamba filamu ni mbaya. Walisema kwamba hadithi iliyosimuliwa kwa mdomo ina mwenyewe. Eggers alilitatua jambo hilo kwa kuweka jina la Deng mbele na kumpa mapato. Sinema, yenye wanasheria wengi na subira kidogo, haikuona njia rahisi namna hiyo.

Kuna pia mfano uliokwenda kinyume kabisa. God Grew Tired of Us, filamu ya hali halisi ya Christopher Quinn iliyowafuata vijana kutoka Kakuma hadi miji ya Marekani, ilishinda tuzo kuu ya waamuzi na tuzo ya watazamaji Sundance mwaka 2006. Mwaka uliofuata mmoja wa vijana hao, John Bul Dau, akatoa kitabu chenye jina lilo hilo. Filamu ilitangulia, kitabu kikafuata kujaza yale ambayo kamera haikuwapo kuyaona: kijiji, kukimbia usiku, njaa. Hapo ndipo mtu anapoona wazi kila chombo kinaweza nini. Kamera ilifika Kakuma na ikaona vizuri sana kila kitu kilichokuwa mbele yake. Yaliyopita yalihitaji maneno.

Na Kakuma haikubaki kutazamwa tu. Mwaka 2001 shirika la FilmAid, lililoanzishwa 1999 wakati wa vita vya Kosovo, lilianza kuonyesha filamu kambini usiku kwenye skrini kubwa, watu wakikaa chini kwa maelfu. Baadaye likawafundisha vijana wakimbizi kushika kamera na kuandika miswada yao. Kwa hiyo kizazi kilichoandikwa na Eggers na kuigizwa na Falardeau kina wadogo zake wanaojua kuhariri picha wenyewe.

Halafu kuna fundi mwingine ambaye wahakiki wa riwaya na filamu humsahau. Katika vibanda vya video vya miji ya Kenya, sauti ya DJ Afro imekuwa ikisimama juu ya filamu za kigeni, akitafsiri, akikejeli, akiwapa mashujaa majina ya mtaani na kueleza nia zao kabla hawajafungua mdomo. Dar es Salaam alikuwapo Lufufu, na Kampala wako akina VJ Jingo. Mtu wa namna hiyo anaichukua filamu iliyotoka kwenye kitabu na kuirudisha kuwa hadithi ya mdomo. Woga wa Woodrow ambao Meirelles aliutoa, msimulizi wa kibanda angeurudisha kwa sentensi mbili na kicheko. Mtu anayedharau kazi hiyo hajakaa kibandani Jumamosi usiku.

Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha kwamba kubadili mahali si lazima kuwe udhaifu. Wanuri Kahiu alipochukua hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyoshinda tuzo ya Caine 2007, aliihamisha kutoka Uganda hadi Nairobi na kuifanya Rafiki. Mwaka 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Nyumbani ilipigwa marufuku, kisha mahakama ikairuhusu kwa siku saba. Pale uhamisho ulifanywa na mtu aliyelijua jiji alilohamia, na hilo linaonekana katika kila fremu.

Turkana yenyewe ilikwisha kupata kamera ya namna hiyo zamani, ingawa haikuja na riwaya mkononi. Mwaka 1973 na 1974 David na Judith MacDougall waliishi na familia ya mzee Lorang kaskazini magharibi mwa Kenya, wakatengeneza filamu tatu: The Wedding Camels, Lorang's Way na A Wife Among Wives. Watu wanazungumza Kiturkana, na tafsiri imeandikwa chini ya picha. Mazungumzo ya mahari yanachukua muda wote ambao mazungumzo ya mahari huchukua, na ngamia wanahesabiwa, wanabishaniwa, wanahesabiwa tena. Umbali haupo, kwa sababu kamera imekaa pale pale wenyeji walipo. Hizo ndizo filamu zilizo karibu zaidi na riwaya kuliko zote zilizotajwa hapa: zina wahusika wenye nia, siri na hasira, na hawajaletwa kwa ndege.

Ghuba ya Ferguson bado inamsubiri mwandishi wake. Baada ya njaa ya 1960 na 1961, serikali ilikusanya wafugaji waliopoteza mifugo katika kambi hapo ghubani na kuwafundisha uvuvi kama njia mpya ya kuishi. Chama cha ushirika cha wavuvi kikaundwa. Norway ikaleta wataalamu, mashua, barabara, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol. Kiwanda kilihitaji umeme na maji safi kwa kiasi ambacho jangwa halikuwa nacho, kikafungwa baada ya muda mfupi sana. Kisha ukame ukashusha ziwa, ghuba ikakauka, na wavuvi wakaona udongo mahali walipokuwa wakitega nyavu. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano wake wa kibalozi na Norway kwa sababu nyingine kabisa, na wafadhili wakaondoka. Maji yalikuja kurudi baadaye.

Vitu vyote vya le Carré vimo: wageni, fedha, ofisi za mbali, watu wa ufukweni ambao hawakuulizwa. Kinachokosekana ni jambazi. Hapa wote walikuwa na nia njema, na kisa kisicho na jambazi ni kigumu kukiuza kwenye sinema. Riwaya inakiweza. Mwandishi kijana wa Lodwar anayetafuta mada asiende mbali.

Kwa msomaji anayetaka kuvilinganisha mwenyewe, shauri ni hili: asome sura za Woodrow kabla ya kuitazama The Constant Gardener, kwa kuwa filamu ikitangulia, uso wa Fiennes utamzuia kumsikia mwoga yule. What Is the What isomwe yote, bila kuruka Kakuma. Na Lorang's Way itazamwe kabla ya hizo zote.